Bomba la Chekeleni

Mkurugenzi Chambuso wa mamlaka ya maji alimwogopa mwandishi wa habari kuliko simba. Basi akamwita Mwanamkasi, mwalimu wa kuwafundisha wakubwa namna ya kuhojiwa.

"Nataka wakose la kuniuliza," akaamuru.

"Basi mahojiano tuyafanyie kwenye bomba la Chekeleni, mheshimiwa. Ulifungue, unywe."

"Lile? Lina miaka halijatoa hata tone!"

"Ndiyo maana watanyamaza. Ila likikohoa hewa tupu mbele ya kamera, hapo mimi simo."

Chambuso akawaita mafundi. Wiki nzima mafundi wake walichimba, wakang'oa mabomba yaliyooza, wakalaza mapya. Ijumaa akaja na suti yake, kamera ikawashwa, akafungua. Maji yakamrukia hadi kwenye tai. Akanywa, akatabasamu, akaeleza jinsi anavyowajali wananchi.

"Safi sana," Mwanamkasi akasema, akizima kamera.

"Kipindi kinarushwa lini?"

"Kipindi gani, mheshimiwa? Leo tulikuwa mazoezini."

Kisha akatoa ufunguo mkobani, akafungua nyumba inayotazamana na bomba, akarudi na ndoo mbili.

"Naomba unipishe kidogo. Nina nguo za kufua."