Masinia Arobaini ya Halua

Palikuwa na tajiri mmoja mjini kwetu, Bwana Muhidini, aliyekuwa akinunua madeni ya watu. Unamdai mtu mia? Unampelekea hati, anakupa hamsini papo hapo, kisha mwenyewe anakwenda kudai mia yote. Mdaiwa asipolipa, anakurudia wewe uliyemuuzia, tena na wapagazi. Na kumuuzia ilikuwa lazima. Sukari yote ya mji ilikuwa ghalani kwake, na asiyemuuzia madeni hakuuziwa sukari.

Palikuwa pia na mpika halua mmoja, mjinga wa kupigiwa mfano. Msitazamane. Ni mimi, Kibwana.

Nilimuuzia deni la mpiga zumari, riale arobaini, nikapewa ishirini. Mpiga zumari akatoroka, na zumari yake. Wapagazi wakaja kwangu, wakabeba sufuria langu kubwa la halua.

"Lete riale zangu ishirini," akasema Bwana Muhidini, "ndipo ulichukue."

Mpika halua bila sufuria ni mtu anayenuka iliki tu. Na harusi za mwezi wa mfungo sita zilikuwa zinakaribia. Niliumia, jamani.

Sasa sikieni aibu yangu. Tajiri huyohuyo nilikuwa nikimdai riale themanini! Masinia arobaini ya halua, harusi ya binti yake, hati ninayo na muhuri wake upo. Kila nikienda anasema, "Njoo kesho." Nimekwenda mara kumi na tisa. Na kila mara nilimshukuru, nikamuuliza na hali ya tumbo lake.

Mke wangu Mwanaidi akaniambia, "Mume wangu, si ananunua madeni? Muuzie na hilo."

Nikamcheka. Nikala, nikanywa maji, nikanawa mikono, ndipo nikaelewa.

Asubuhi nikamkuta Bwana Muhidini barazani kwa kadhi, mahali mauziano yote yanapoandikwa.

"Kibwana! Umeleta riale zangu?"

"Nimeleta deni, bwana. Riale themanini. Ila leo nataka bei ya kutorudiwa."

"Bei hiyo ni robo. Ishirini tu! Hapo hasara yangu, faida yangu, wewe sikufuati."

"Nimekubali."

Akacheka hata kilemba kikalegea. "Robo! Kweli kichwa chako kimejaa ufuta. Haya, mdaiwa ana uwezo?"

"Tele, bwana. Nyumba ya ghorofa, maghala manne."

"Mbona hakulipi?"

"Hana haya."

"Nitamtia haya mimi!"

"Mkaidi pia."

"Nitamnyoosha. Mtu kama huyo anastahili kuanikwa sokoni."

"Usemalo ni kweli, bwana. Fungua hati basi, usome jina lake."

"Jina la nini? Mimi sisomi majina ya wadaiwa, yananitia kichefuchefu. Mji huu hakuna asiyenilipa. Kadhi, tuandikie!"

Kadhi wetu alikuwa na desturi ya kuuliza mara tatu.

"Umenunua, humrudii?"

"Simrudii."

"Umenunua, humrudii?"

"Simrudii!"

"Umenunua, humrudii?"

"Simrudii, nimesema! Piga muhuri!"

Muhuri ukapigwa. Nikapokea riale ishirini, nikamrudishia palepale kwenye kiganja chake. "Na hizi ni zako, za sufuria." Riale sitini zilinipotea, najua, msinihesabie. Wapagazi wakaniletea sufuria langu. Kwa furaha nikajitwika lenyewe kifudifudi, likanifunika mpaka mabegani, nikagonga nguzo ya baraza.

Nikiwa humo ndani ya sufuria nikasikia hati inafunguliwa. Kisha ukelele.

"Mwizi! Huu muhuri wangu! Hili deni langu mwenyewe! Nirudishie riale zangu!"

Kadhi alikuwa ameziba mdomo kwa mkono wa kanzu. "Humrudii," akasema. "Umesema mara tatu."

"Sasa nikamdai nani mimi?"

Nikainua sufuria kidogo, nimwone vizuri.

"Nenda nyumbani kwako, bwana, upige hodi kwa adabu. Akikwambia njoo kesho, usikate tamaa. Mimi ameniambia mara kumi na tisa."