Gari la Marehemu Kirita

"Boneti ya moto ina mwenyewe." Vijana waliisikia ikisemwa kwenye kikao cha kugombea shamba, wakamuuliza Mzee Mbwambo ilitoka wapi. Akawaambia chanzo chake ni hiki.

Huko Same alikuwako Sifaeli, mtu aliyependa kununua magari yaliyokufa na kuyafufua uani kwake. Eliapenda alimuuzia gari la kaka yake, marehemu Kirita. Lilikuwa limelala miaka mingi, matairi yamezama udongoni. Likavutwa kwa kamba hadi kwa Sifaeli, halina hata betri.

Kulipopambazuka akatoka kukagua injini. Alipoweka kiganja kwenye boneti, akakiondoa upesi. Ilikuwa ya moto, na jua lilikuwa bado halijachomoza. Akafungua, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa nyepesi, yenye joto, kama ya gari lililotoka safari. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Mkewe akamwambia hata kuku hawapiti karibu nalo. Asubuhi iliyofuata radieta ilikuwa ikifuka mvuke, na Sifaeli akakumbuka kwamba hakuwahi kuitia maji.

Akaacha spana palepale, akaenda kwa Nakijwa, mjane wa Kirita. Akamsimulia yote huku akiyaonea haya maneno yake mwenyewe. Mama yule hakushangaa. Aliuliza tu gari liko wapi, maana yeye aliambiwa limepelekwa kwa fundi.

Wakafuatana. Nakijwa akaweka kiganja kwenye boneti.

"Kila alfajiri mume wangu aliliwasha kabla ya kunywa chai," akasema. "Nikisikia muungurumo, najua ameamka."

"Mama, shemeji yako aliniambia mmekubaliana."

"Mimi sikuulizwa, baba. Na marehemu naye hakuulizwa."

Kisha akainama, akanong'ona jambo ambalo Sifaeli hakulisikia. Joto likatoka chini ya mkono wake kidogo kidogo, mpaka bati likawa baridi kama la magari mengine.

Siku hiyohiyo Sifaeli alilivuta gari akalirudisha. Nakijwa hakuliuza kamwe. Na Sifaeli, kila alipoletewa kitu cha marehemu, alikigusa kwanza, kisha akauliza ni nani ambaye hajaulizwa. Watu walipotaka kujua sababu, aliwajibu: boneti ya moto ina mwenyewe.