Meza Mlangoni pa Kirindi

Meza mbili hazikai mlango mmoja. Ndivyo alivyowajibu Mama Mchungaji jana, mlipomwomba ruhusa ya kuuza soda na kalenda za kwaya pale kwenye kibaraza cha kanisa siku ya tamasha. Naona mmekuja kwangu na nyuso za watu walionyimwa kitu bila kuelezwa sababu. Mnasema mmezunguka kanisa zima mkihesabu milango na hamkuona tatizo. Kaeni kwenye mabenchi, niwaeleze. Msemo huo haukutoka mbali. Ulitoka hapa hapa Kirindi, na mimi nilikuwapo, nikiwa na umri kama wenu, nikiimba sauti ya tatu.

Methali yenyewe ilianza hivi.

Mwaka mmoja upepo wa mlimani uling'oa paa la kanisa letu upande wa mashariki. Mabati mengine yaliokotwa kwenye mashamba ya tangawizi huko chini, yamejikunja kama majani makavu. Tukawa tunasali nusu ya kanisa tukiwa juani, na mvua ikinyesha tunasongamana upande wa pili. Wazee wa kanisa walikaa vikao vingi. Kila kikao kiliisha kwa maombi, na paa likabaki vile vile.

Aliyetafuta dawa alikuwa Mama Nanzia, mwenyekiti wa umoja wa wanawake. Alikuwa mwanamke mrefu, mchapakazi, asiyependa maneno mengi. Aliona jinsi watu wanavyofika kanisani asubuhi wakitetemeka kwa baridi na ukungu, akawaambia wenzake, "Sisi tuna tangawizi, tuna maziwa, tuna mikono. Tuwapikie watu chai, wanunue, tupate mabati."

Wakaanza. Jumapili baada ya ibada wakatoa meza ndogo uwanjani, karibu na pale panapofanyika mnada wa ndizi, mayai na kuku wa sadaka. Wakaweka birika kubwa la chai ya tangawizi na sinia la maandazi. Watu walinunua kwa furaha. Haukupita muda mrefu, mabati ya kwanza yakapanda juu.

Jambo jema likifanikiwa, watu hulipenda, na wakilipenda hulisukuma mbele. Mtu mmoja alisema, "Chai baada ya ibada ni nzuri, lakini baridi inatupata kabla." Kweli, wakaanza kuuza kabla ya ibada. Msimu wa mvua ulipoingia, maandazi yakawa yanalowa uwanjani. Mchungaji Mrutu, aliyekuwa mtu mpole na mwenye huruma, akawaambia, "Mama zangu, kwa nini mnyeshewe? Sogezeni meza kibarazani." Wakasogeza. Kibaraza chetu mnakijua, ni chembamba. Meza ikakaa pembeni kidogo tu ya mlango, na kila aliyeingia alipita ubavuni pake. Baadaye zikaongezwa soda, vitenge, mishumaa na picha za ukutani zenye mistari ya Biblia. Na kwa kuwa Mama Nanzia hakupenda kitu kichafu, alitandika juu yake kitambaa cheupe alichokitarizi msalaba kwa uzi mwekundu, pacha wa kile cha madhabahuni.

Hakuna aliyeona ubaya. Mimi mwenyewe nilinywa chai ile kila Jumapili, na ilikuwa nzuri.

Sasa, huko chini tambarare usharika wetu ulikuwa na mtaa mmoja mdogo, yaani tawi la kanisa. Watu wake walisali kwenye banda la miti na nyasi, wakihudumiwa na Mwinjilisti Senzota. Mwaka ule Senzota alifundisha kundi la watu wazima, wakabatizwa huko huko kwao. Lakini Chakula cha Bwana hawakuwa wamekipokea, maana kilitolewa huku juu, kanisani. Katika kundi hilo alikuwamo bibi mmoja mjane, jina lake Namkunda. Alikuwa amekuja kwenye imani akiwa mzee, na alijifunza kwa bidii ya mtu anayejua kwamba muda wake si mwingi.

Senzota aliwaandaa hivi: "Mtakuta meza imetandikwa kitambaa cheupe chenye msalaba. Mtapewa mkate na kikombe. Pigeni magoti, pokeeni kwa mikono miwili. Msiogope. Meza ile ni ya Bwana, hakuna anayelipa."

Jumapili ya ushirika ilipofika, wakapanda mlima. Mnaijua njia ile ya mawe. Bibi Namkunda alikuwa amefunga tangu jana yake, ingawa hakuna aliyemwambia afunge. Aliona haifai kwenda kwenye meza kama ile na tumbo lililoshiba. Wenzake walisimama kisimani kunawa miguu. Yeye hakuweza kungoja. Alitangulia akafika kanisani peke yake.

Akapanda ngazi za kibaraza. Mbele yake akaona meza, na kitambaa cheupe, na msalaba mwekundu. Akaona vikombe. Akaona sinia.

Nyuma ya meza alikuwa Yunisi, binti wa kikundi cha wanawake, msichana mwenye heshima zake. Bibi akapiga magoti pale pale sakafuni, akanyoosha mikono miwili. Yunisi alidhani ni kizee aliyechoka na mlima, akamwonea huruma, akazunguka meza akamwekea andazi mkononi, kisha kikombe. Bibi akafumba macho. Midomo yake ikacheza kidogo. Akala taratibu, akanywa chai yote, akasema, "Amina."

Sisi wanakwaya tulikuwa tumejipanga pale mlangoni tukisubiri kuingia kwa wimbo. Tuliona yote na hatukuelewa kitu.

Bibi alipoinuka, Yunisi akamwambia kwa adabu, "Bibi, bado hujalipa."

"Nilipe nini, mjukuu wangu?"

"Chai na andazi."

Bibi akamtazama. "Kumbe hulipiwa?"

"Ndiyo, bibi. Kila mtu hulipa."

Akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake. Humo mlikuwa na sadaka aliyoiandaa kwa ajili ya siku ile. Akaiweka yote juu ya kitambaa. Haikufika bei. Yunisi akaona haya kumbana mtu mzima, akasema, "Basi bibi, inatosha. Pita."

Bibi akapita.

Ibada ikaanza. Kapu la sadaka lilipomfikia, Bibi Namkunda alilipitisha kwa jirani yake bila kutia kitu. Kisha Mchungaji Mrutu akawaalika watu mezani kwa Bwana. Watu wa tambarare wakainuka safu nzima, wakasogea mbele. Yeye akabaki ameketi, mikono mapajani.

Senzota akarudi kumfuata. Akainama akamwambia, "Bibi, twende. Ni zamu yetu."

"Mimi nimeshashiriki, mwalimu."

"Umeshiriki wapi?"

"Pale mlangoni. Nilipiga magoti kama ulivyotufundisha. Nimelipa, ila haikutosha. Yule binti amenisamehe iliyobaki."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini kinanda kilikuwa kimenyamaza na waliokuwa karibu walisikia. Senzota alisimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa. Halafu akaenda mbele akamnong'oneza mchungaji.

Mchungaji Mrutu akashuka madhabahuni, kikombe kikiwa mkononi, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Akafika kwenye benchi la yule bibi.

"Mama yangu," akasema, "ile ya mlangoni haikuwa hii. Ile ilikuwa chai tu. Hii ndiyo meza ya Bwana."

Bibi akatazama kikombe, akamtazama na yeye. "Kama ipo nyingine, baba, sina tena cha kutoa."

"Hii hailipiwi."

"Hata ile niliambiwa hailipiwi."

Bibi hakuwa amekasirika. Alisema taratibu, kama mtu anayetaka kumpunguzia mwenzake mzigo, "Wewe endelea na wenzangu, baba. Mimi nitarudi siku nikishaelewa ipi ni ipi."

Mchungaji akarudi madhabahuni akamaliza ibada.

Wiki ile wazee wa kanisa waliitwa kikaoni, na Mama Nanzia akaitwa pamoja nao. Wengine walitaka meza ifungwe siku hiyo hiyo. Mama Nanzia akasimama.

"Leo mnaiona meza," akasema. "Mlipokuwa mnanyeshewa hamkuiona. Mabati haya yaliyo juu ya vichwa vyenu yametoka kwenye birika lile. Mikono yangu ina alama za mafuta ya maandazi. Niambieni nimeiba wapi."

Mchungaji akasema, "Hujaiba, mama. Na kibarazani ni mimi niliyewaambia msogee."

Mzee mmoja akauliza kama na mnada wa ndizi na kuku ufutwe pia, maana nao ni biashara. Mwingine akamjibu kwamba vya mnada ni vitu ambavyo watu wameshamtolea Mungu, na huuzwa baada ya baraka, anayetaka ananunua, asiyetaka anakwenda zake. Wakavutana hadi wakachoka. Kikao kikaahirishwa.

Mama Nanzia hakusubiri kikao cha pili. Alimchukua Yunisi wakashuka tambarare kumtafuta yule bibi. Walimkuta barazani kwake anapukuchua kunde. Jua la huko ni kali na walikuwa wamelowa jasho. Kabla hawajajitambulisha, bibi alikwishaingia ndani na kutoka na kata mbili za maji. Wakanywa. Akawaongeza. Ndipo akauliza, "Mmetoka wapi, wanangu?"

Mama Nanzia akaamkia, akajieleza yeye ni nani. Akasema, "Bibi, tumekuja kukuomba radhi, na kukurudishia sadaka yako."

Bibi akatikisa kichwa. "Sadaka hairudi, mwanangu. Mimi sikuwapa ninyi, nilimpa Mungu. Kama imekwama mlangoni, isogezeni ndani."

"Na ile chai?"

"Chai ilikuwa tamu," bibi akasema. "Nilikuwa na njaa kweli kweli. Ila nilidhani nimealikwa."

Yunisi alianza kulia pale. Mama Nanzia hakulia; alirudisha kata, akaaga, wakapanda mlima.

Jumapili iliyofuata sisi wanakwaya tulifika mapema, tukamkuta Mama Nanzia kibarazani peke yake. Alikuwa amekunja kile kitambaa chenye msalaba, amekiweka begani. Akageuza meza miguu juu, akajitwika kichwani, akashuka nayo ngazi hadi kule mwisho wa uwanja, chini ya ukingo wa shamba, mahali ambapo mtu hafiki kwa bahati mbaya. Akaiweka bila kitambaa. Birika halikuwashwa mpaka ibada ilipokwisha.

Mmoja wa wale wazee wa kanisa alimfuata akihema. "Mama Nanzia, mbona umeamua peke yako? Kikao hakijamaliza."

"Kikao kiendelee," akamjibu. "Mimi nimeshaona."

"Lakini huku mbali hamtauza kitu! Na paa la upande wa mimbari bado."

"Bado, najua. Litasubiri. Meza mbili hazikai mlango mmoja."

Hivyo tu. Hakueleza, akaenda zake kupanga vikombe.

Yule mzee alisema kweli, mauzo yalishuka. Soda zilikaa mpaka zikapata vumbi, vitenge vikarudishwa dukani. Upande wa mimbari ulivuja misimu mingi, na mchungaji alihubiri akiwa ameweka ndoo karibu na miguu. Walikuwapo walionung'unika kwamba kanisa limerudishwa nyuma kwa ajili ya bibi mmoja asiyejua taratibu. Tena kuna familia zilizokuwa zimeacha kuja bila sisi kujua sababu, zile za watu wasio na cha kununulia, wanaoona aibu kupita na watoto mbele ya sinia. Hizo zilianza kuonekana tena, moja moja. Hakuna aliyeziuliza zilikuwa wapi.

Msemo ukatoka kanisani ukaenda mitaani. Mwalimu akiwafundisha watoto kwa uvivu darasani ili wamlipe kwa masomo ya jioni, watu humwambia hivyo. Mjumbe akisuluhisha kesi kwenye kilabu chake cha pombe, humwambia. Kwa hiyo, wanangu, hamjakatazwa kuuza kalenda. Nami nitanunua moja. Mlichokatazwa ni mahali.

Na Bibi Namkunda? Alirudi, kwenye Jumapili nyingine ya ushirika. Safari hii alipanda pamoja na wenzake, akafika na fundo lake kwenye pindo la kanga. Alipokanyaga kibaraza alisimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Palikuwa na sakafu tupu na watu wanaoingia.

Mama Nanzia alikuwa mlangoni akiwapokea wageni. Akamshika mkono.

"Ziko ngapi leo, mwanangu?" bibi akamuuliza.

"Moja, bibi. Iko ndani."

Wakaingia pamoja. Zamu ya watu wa tambarare ilipofika, bibi aliinuka wa kwanza, akapiga magoti, akanyoosha mikono miwili. Mchungaji alimpa mkate, akampa kikombe. Alipomaliza alibaki pale kidogo, akimtazama mchungaji, kama mtu anayesubiri kuambiwa jambo. Hakuambiwa kitu. Akainuka, akarudi mahali pake akiwa anatabasamu.

Meza mbili hazikai mlango mmoja.