Piza ya Sato

Ndugu zangu, wekeni vitabu pembeni kidogo, nataka tuingie jikoni. Akina baba msinikimbie, nanyi mnakula.

Palikuwa na nyumba moja huko Musoma, kando ya ziwa, ambamo waliishi wanawake wawili. Mmoja alikuwa mama mtu mzima, mjane. Nitamwita Bibi Nyangeta. Wa pili alikuwa mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee. Huyo nitamwita Aikande. Mwana mwenyewe alikuwa dereva wa lori. Wiki tatu barabarani, siku nne nyumbani. Kwa hiyo nyumba ilibaki ya hao wawili.

Bibi Nyangeta alikulia kwenye samaki. Kwake siku isiyo na samaki ni siku ya njaa, hata ukimchinjia ng'ombe. Aikande alitoka Rombo, mlimani, kwenye ndizi na maharage na nyama. Kabla ya kuolewa alifanya kazi miaka mitano katika jiko la hoteli moja Moshi, akipikia wageni piza. Samaki hakuwahi kumtia mdomoni. Harufu yake tu ilimgeuza tumbo.

Sasa sikilizeni. Tangu wiki ya kwanza ya ndoa ile, Bibi Nyangeta alipika dagaa. Jumatatu dagaa, Jumanne dagaa, Jumatano dagaa wa kukaanga na madirisha yamefungwa. Aikande akawa anabeba jiko lake la mkaa kwenda uani kujipikia ndizi. Nyumba moja, majiko mawili. Majirani wakiuliza, "Mkweo hajambo?" Bibi anajibu, "Huyo? Ana pua ya kifalme. Hatadumu."

Miaka miwili ikapita hivyo. Hamjaiona nyumba ya namna hiyo? Wengine mmetoka humo asubuhi hii.

Ndipo Bibi Nyangeta akashikwa na homa ya matumbo. Akalazwa siku tisa. Aliporudi nyumbani homa ilikuwa imekwisha, lakini alibaki mifupa, na chakula hakitaki. Aikande akampikia uji, Bibi akausukuma kando. Akampikia mtori wa ndizi na nyama, Bibi akageukia ukutani. Jirani akaleta sato wa kuchemsha, chakula alichokipenda maisha yake yote. Bibi akaziba pua: "Mtoeni huyo. Mdomo wangu mchungu kama mwarobaini."

Aikande akakimbilia zahanati kuuliza. Muuguzi akamvuta pembeni. "Dada, ugonjwa umeondoka. Sasa tunachoogopa ni njaa. Mtafutie chochote atakachokubali kumeza."

Aikande akakaa kwenye ngazi za zahanati akafikiri. Kazi aliyoijua vizuri hapa duniani ilikuwa moja, piza. Alikumbuka wageni walivyofika pale hotelini hoi, hawataki kitu, halafu harufu ya nyanya na kitunguu saumu inawafikia mezani, wanaita mhudumu wenyewe. Lakini Bibi bila samaki hajala, na aliyemkataa ni wa kuchemsha tu. Basi iwe piza yenye samaki. Na samaki huyo nani atamtengeneza?

Alikwenda sokoni akanunua sato mzima. Akakaa naye uani. Akaparua magamba, akatapika. Akanawa uso, akarudi. Akampasua tumbo, akatapika tena. Miiba ya mgongoni ikamchoma vidole, lakini akamaliza. Akatoa minofu, akaitia limau, chumvi na kitunguu saumu, akaipitisha kidogo kwenye mafuta. Akapika nyanya mpaka zikawa rojo zito, akatia yale majani makavu ya piza aliyokuja nayo kutoka Moshi. Akakanda unga na hamira, akausukuma kama chapati nene. Akapaka rojo, akapanga minofu, akanyunyiza hoho na jibini kidogo tu. Oveni hakuwa nayo. Aliweka kwenye sufuria nzito, mkaa chini, mkaa juu ya kifuniko.

Harufu ikaingia chumbani.

"Aikande!" Tangu atoke hospitali, Bibi hakuwa amemwita mtu. "Unapika nini huko?"

Aikande akaingia na sahani. Bibi akaikodolea macho. "Hii chapati imepata ajali?"

"Ni piza, mama. Juu yake ni sato."

"Sato kakutengenezea nani?"

"Nimemtengeneza mwenyewe."

"Wewe?" Bibi akaikamata mikono ya mkwewe, akaigeuza. Aliona vidole vilivyochomwachomwa. Akaileta puani, akanusa. Mikono ile ilinuka samaki mpaka kwenye kiwiko. Akachukua kipande, akala. Akachukua cha pili, akala. Cha tatu akakishika tu, na machozi yakaanza kumtoka.

"Mwanangu, nikwambie jambo. Wale dagaa wa kila siku... nilijua wanakutesa. Madirisha nilifunga makusudi. Nilitaka urudi kwenu."

Aikande akamfuta shavu kwa ncha ya khanga.

"Nilijua, mama. Kula, inapoa."

Bibi akakikata kile kipande, nusu akamnyooshea. "Basi tule wote. Ukishindwa, tema, sitakucheka."

Aikande akafumba macho, akatafuna. Akatafuna tena, akameza. "Si mbaya," akasema, na wakacheka mpaka Bibi akashikwa na kikohozi.

Mwezi haukuisha, Bibi akawa anatembea. Siku hizi nyumba ile ina jiko moja. Jumamosi wanaoka piza pamoja, na Bibi anajaribu kila kitu kinachotoka ziwani. Juzi kaweka dagaa. Aikande alikula, ingawa vichwa alivitenga pembeni.

Ndugu zangu, nataka tubaki kwenye neno lile moja la Aikande. *Nilijua.* Kumbe alijua! Siku zile zote za moshi, alijua. Alipokuwa anatapika uani na kisu mkononi, alijua anampikia nani. Bibi alidhani anaungama siri, kumbe siri ilishasamehewa, imeshapikwa, imewekwa kwenye sahani.

Sisi tunasamehe vipi? Tunangoja. Tunasema, "Aje kwanza akiri, apige magoti, nimwone machozi, halafu nitafikiria." Na huku tunataka Mungu atufanyie vingine! Mungu wetu anajua tulichofanya na madirisha tuliyofunga makusudi. Je, amewahi kutunyima mvua? Amewahi kungoja tumalize toba ndipo atupe pumzi ya asubuhi?

Na Aikande hakuacha kuwa wa Rombo. Wala Bibi hakuacha ziwa. Kila mmoja alileta chake, wakapata chakula ambacho hakuna aliyekuwa nacho peke yake.

Nilipokuwa nasimulia, kuna mtu amepita moyoni mwako. Unamjua, mimi sihitaji kukutajia. Pengine mnalala nyumba moja. Usimngoje aombe radhi. Ukitoka hapa, mtafute, umwulize swali dogo tu: "Umekula?"

Anzia hapo. Mengine Mungu atayapika.