Mifugo ya Mwinyi Sisimizi

— Nina neno!
— Lilete!
— Lina mkia!
— Uvute!
— Lina uongo ndani!
— Tutautema!

Haya, kaeni basi. Wewe unayekohoa, kohoa kabisa umalize, maana mimi sipendi kukatizwa. Na anayetaka hadithi ya kuchekesha aende kwa jirani. Hii yangu ina maiti wengi.

Hapo kale, katika nyumba yenye ua wa saruji, aliishi mjane mmoja jina lake Bi Somoe. Hakuwa na shamba wala bustani. Alikuwa na makopo. Kopo la samli, kopo la rangi, ndoo iliyotoboka, sufuria iliyokatika mkono, vyote amevijaza udongo na kuvipanga ukutani. Mna asumini, mna waridi, mna msubili. Harusi ikitokea mtaani, wanawake walikwenda kwake kuomba maua ya kufunga vikuba, vile vishada vya kuvaa kifuani na nyweleni, na kila mtu aliondoka ananukia.

Siku moja jirani yake, Bi Riziki, akamletea zawadi. Mche wa mrehani, umestawi, ndani ya kopo la maziwa. Sasa sikilizeni, kosa lilianzia hapa. Mche mgeni hutengwa kwanza, ukakaa peke yake siku nyingi mpaka ujue umekuja na nini. Na jani hugeuzwa likatazamwa kwa chini, kwa sababu mdudu hakai juu ya jani akakungoja. Bi Somoe aliyajua yote hayo. Lakini Bi Riziki alikuwa amesimama palepale, anatabasamu. Hebu niambieni, nani kati yenu angethubutu kugeuza majani ya zawadi ya mtu mbele ya macho yake, kama anayekagua shati la mtumba? Nani angeiweka zawadi kule karibu na choo? Mnanitazama tu. Bi Somoe naye alikuwa mtu wa adabu. Akaupokea mche kwa mikono miwili, akauweka katikati ya makopo yote, mahali pa heshima, akasema, "Ahsante, mwenzangu. Umenipambia ua."

Chini ya majani hayo walikuwamo vidukari.

Kidukari ni mdudu mdogo, laini, wa kijani. Hana meno, hana mwiba, hana mbio. Ana mrija tu mdomoni. Anauchoma kwenye shina changa na kunyonya maji ya mti, fyo, fyo, fyo. Kinachozidi tumboni kinamtoka nyuma, tone tamu kama asali. Harufu ya utamu huo ikateremka ukutani mpaka chini ya kizingiti, walikolala sisimizi.

Wakaja kwa msururu, mbele yao Mwinyi Sisimizi, kichwa kikubwa, taya za kukatia. Akawaambia vidukari wasiogope. Pale ukutani palikuwa na Buibui, na Buibui alikuwa akishuka kila alasiri kuwala. Mwinyi akasema yeye na watu wake watawalinda, malipo ni tone tu. Vidukari wakashukuru sana. Buibui aliposhuka siku hiyo, sisimizi wakamvamia na kumng'ata miguu, akarudi ukutani anachechemea.

Tangu hapo ikawa hivi. Mwinyi anapita na vipapasio vyake, anagonga mgongo. Tip, tip, tip. "Nyonya." Fyo, fyo, fyo. "Toa." Tone linatoka, Mwinyi analila. Anakwenda kwa mwingine. Tip, tip, tip. "Nyonya." Fyo, fyo, fyo. "Toa." Na akigongwa kidukari asitoe kitu, Mwinyi hakumfokea wala kumpiga. Alisema, "Huyu sasa ni nyama," akamla.

Katika vidukari hao alikuwamo mmoja mdogo kupita wote, jina lake Chembe. Asubuhi moja mama yake akagongwa. Akanyonya, akajikaza, hakikutoka kitu. Akaomba angojewe mpaka jua lipoe. Mwinyi akamla palepale, Chembe yuko kwenye jani hilohilo, mrija wake umezama humo, hawezi hata kuuchomoa akimbie. Kisha zamu ikafika kwake. Tip, tip, tip. Naye, na uchungu wote ule, akatoa. Hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe.

Siku zikapita, shina likaanza kukauka. Bi Somoe aliyaona majani yanajikunja, akadhani ni jua, akaongeza maji. Hakulaumu mrehani hata kidogo, ulikuwa zawadi. Huku chini Mwinyi akamgonga Chembe, akalitazama tone lililotoka, akalitazama tena.

"Tone lako limekuwa dogo," akasema.

"Shina limechoka, Mwinyi."

"Shina halinihusu. Kesho nitakupitia mapema."

Chembe akajua kesho ndiyo siku yake. Kupigana na sisimizi hawezi. Kukimbia hawezi, hana bawa. Lakini aliwahi kuona jambo. Sisimizi wa ukoo mwingine walijenga kiota ndani ya udongo wa kopo la asumini. Bi Somoe alipowagundua hakununua sumu, maana maua yale yanakaa vifuani mwa watu. Alilizamisha kopo zima kwenye karai la maji mpaka udongo ukafunikwa, akaliacha humo kutwa. Sisimizi wakafa wote. Mti ukabaki mzima, majani yake juu ya maji, makavu.

Asubuhi Mwinyi akaja. Chembe akamuwahi kabla ya kugongwa.

"Mwinyi, ukinila leo utashiba mara moja tu. Nikuambie kwa nini matone yamepungua?"

"Sema upesi."

"Umetuweka kwenye shina kongwe. Utamu uko juu, kwenye vikonyo vinavyochanua. Tupandishe huko."

"Na Buibui je? Juu ni mbali, watu wangu wanalala kizingitini."

"Kwa nini walale kizingitini? Lete nyumba yako humu ndani ya kopo. Malkia, mayai, wote. Mkiamka chakula kiko juu ya vichwa vyenu, hamna haja ya safari."

Mwinyi akatafunatafuna taya zake. Mnamjua mtu mlafi akiahidiwa chakula bila kutembea? Hakuuliza swali lingine. Jua lilipoanza kushuka msururu ulikuwa njiani, chakara, chakara, chakara, mayai meupe midomoni, malkia anasukumwa na kuvutwa. Wakachimba udongo wa mrehani, wakahamia. Vidukari nao wakapandishwa juu, kwenye vilele. Wakanyonya, fyo, fyo, fyo, matone yakawa makubwa, na Mwinyi akanenepa mpaka tumbo likang'aa.

Chembe mwenyewe hakupanda. Alijibanza chini ya jani la kati. Alijua kwamba Bi Somoe akichuma, huchuma vilele. Ndugu zake, dada zake, wote walikuwa huko juu, na hakuwaambia. Msigunegune. Mngemwambia nani, na Mwinyi anasikiliza?

Basi mtoto wa Bi Riziki akaolewa. Bi Somoe akasema kikuba chake cha siku hiyo lazima kiwe cha mrehani wa zawadi, ili mwenyewe auone na afurahi. Akachuma vilele, kache, kache, kache, akaviunga na asumini, akajipachika kifuani na nyweleni. Akaenda harusini, akakaa mbele kabisa, pamoja na wakubwa.

Bibi harusi akatolewa. Vigelegele vikapanda. Na joto la watu lilipozidi, sisimizi waliochumwa pamoja na vilele wakatoka kwenye kikuba. Wakashuka shingoni, wakaingia ndani ya gauni. Bi Somoe akajikuna kidogo, kwa adabu. Akajikuna tena. Mwisho akawa anajikuna kwa mikono miwili mbele ya ukoo wa bwana harusi, na wanawake wa pale wakaanza kusogeza viti vyao. Bi Riziki akamwinamia sikioni.

"Somoe, mwenzangu, una nini shingoni?"

"Zawadi yako," Bi Somoe akamjibu.

Urafiki wao ulikufa hapo. Hata salamu hawakupeana tena, na walikuwa wametazamana mlango kwa mlango tangu ujanani. Mimi hilo ndilo linalonisikitisha, lakini hadithi si yao.

Bi Somoe akarudi nyumbani, hakuvua hata viatu. Akajaza karai maji, akalitumbukiza kopo la mrehani. Bwi, bwi, bwi, mapovu yakapanda. Udongo ukalegea. Mayai meupe yakaelea kama punje za wali. Malkia akatoka nusu, akakwama, akafia hapo. Sisimizi wakashikana wakafanya tonge juu ya maji, wa chini wakifa ili wa juu wapumue, mpaka na wa juu wakawa wa chini.

Mwinyi peke yake akaupata mti. Akapanda, mzito kwa shibe, tumbo linaburuta. Lakini shina lilikuwa limejaa vidukari waliosalia kwenye vilele visivyochumwa, sasa wameteremka, bega kwa bega, hakuna pa kuweka mguu. Maji yakamfika magotini.

"Chembe," akaita. "Waambie wasogee."

Chembe alikuwa ananyonya. Fyo, fyo, fyo. Mwinyi akaita tena, sauti ikiwa ndogo. Fyo, fyo, fyo. Maji yakamfunika.

Vidukari wakasherehekea. Hakuna wa kuwagonga, hakuna wa kuwala. Walimsifu Chembe, wakamwita mkombozi wao. Na kwa kuwa kidukari hazai kwa kungoja mume, wakazaa, watoto wao wakazaa, majani yakajikunja kama ngumi, matone yakadondoka ovyo hadi kwenye makopo ya pembeni, yakashika ukungu mweusi.

Sasa Bi Somoe hakuwa na adabu na mche ule tena. Akaubeba mpaka kwenye mwanga, akageuza jani. Akawaona. Alitwanga majani ya mwarobaini, akayaloweka usiku kucha, akayachuja, akatia sabuni kidogo ya kufulia ili maji yashike. Akangoja jua lipoe, kwa sababu maji ya sabuni juani huunguza jani. Kisha akachukua kitambaa, akafuta. Jani kwa jani, upande wa chini. Shina kwa shina. Chwaa, kitambaa kikapita, na pale palipokuwa na ukoo mzima pakabaki unyevu wa kijani. Siku chache baadaye akarudia. Akarudia tena.

Akabaki Chembe. Alikuwa ndani ya jani moja lililojikunja, kitambaa hakikufika. Akatoka polepole. Akaita, hakuna aliyeitika. Mrehani ulikuwa safi, mtupu, unanukia mwarobaini.

Ndipo akahisi uzi unatikisika. Buibui alikuwa anashuka. Hakuwa na haraka, kwa maana sasa hapakuwa na mtu wa kumng'ata miguu. Akatua kwenye jani, akanyoosha mguu wa mbele, akamgusa Chembe mgongoni. Tip, tip, tip.

Chembe, kwa hofu, akafanya kitu pekee alichofundishwa maishani. Akainua mkia, akatoa tone. Kubwa, tamu, linang'aa.

Buibui hali asali.

Haya, msinitazame hivyo. Nilisema mapema kuna maiti. Mnataka fundisho? Fundisho lake ni kwamba mdogo akitumia akili kumshinda mkubwa, huishi raha mustarehe na watoto wake hadi uzeeni. Andikeni hivyo mkiulizwa shuleni. La pili, wapendeni sana wanaojitolea kuwalinda. Na la tatu, zawadi huwekwa mahali pa heshima.

Neno limefika mwisho wa mkia, nimeliachia. Lililowaingia lichukueni, lililowashinda lifagieni, na mimi nipisheni nikanyooshe miguu.