Bwawa Walilolipita

Ndugu zangu, mnayajua mazigazi? Yale maji ya uongo yanayometameta mbele yako jua likiwa kali; ukiyafuata yanasogea, ukifika huoni kitu. Haya, nisikilizeni.

Kulikuwa na mfugaji mmoja aliyehama na mkewe wakati wa ukame kutafuta maji. Walikuwa wamebakiwa na ng'ombe wachache tu, na mbele alitangulia ng'ombe mzee mwenye kengele shingoni. Kwao ni desturi: mkihama, ng'ombe wa kengele hachapwi. Hufuatwa.

Lakini yule bwana alikuwa na haraka zake. Aliona maji yakimetameta upande wa kulia, akawaswaga ng'ombe huko mbio mbio. Mchanga mtupu! Akaona mengine, akawaswaga tena. Mchanga mtupu! Akaketi chini akalia, mwanamume mzima. Akaapa kwamba macho yake hayatamdanganya tena.

Mchana wakaona maji mengine, karibu na majabali. Ng'ombe wa kengele akainua pua, akalia, akageukia huko.

"Mazigazi hayo!" mume akafoka, akamzuia kwa fimbo.

"Baba watoto, mwache," mke akamsihi. "Huyu hatazami, ananusa. Tangu lini mazigazi yakawa na harufu?"

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Twende zetu."

Akamchapa ng'ombe asiyechapwa. Wakapita.

Jioni ng'ombe mzee akaanguka, akafa. Wakiwa bado wamemwinamia, akatokea mfugaji mwingine nyuma yao, ng'ombe wake wameshiba maji, kwato zimejaa tope bichi.

"Poleni sana, jamani. Kwani bwawa la pale majabalini hamkuliona?"

"Tuliliona," akajibu mke.

Ndugu zangu, nani alimuua yule ng'ombe? Mazigazi? Mazigazi yalikuwa yamebaki nyuma kabisa!

Na sisi je? Tumetapeliwa na manabii wa uongo, tumesalitiwa na marafiki, tumeahidiwa tukaachwa. Inauma, sikatai. Sasa kila linalong'aa tunalipitia mbali, tena tunajiita wajanja. Huku roho zetu zinakufa kwa kiu.

Yule ndugu yako aliyekukosea, juzi alikuja mlangoni kwako akilia, akiomba msamaha. Ulimwona. Ulimwambia nini?