Mkoba wa Posa wa Machano

Shikeni uzi!
— Tumeshika!
Vuteni!
— Tumevuta!
Ukikatika?
— Tutaufunga fundo!

Haya. Kabla sijaendelea, asiyeniamini anyanyuke aende zake. Wewe hapo unayecheka, mbona umeganda? Nyanyuka basi! Hanyanyuki. Mnanitazama mnasema, huyu shule aliikimbia darasa la tano, atatuambia nini. Leo nawaambia habari ya mwanamume aliyetaka kuoa kwa uzi na kulabu, na mkinikuta nimeongopa hata neno moja, nivueni kofia hii mkaitie mayai. Kimya? Vizuri.

Palikuwa na mji uliokuwa ukiitwa Mshangamoto. Watu wa mji ule kila alasiri walifuma mikoba. Hawakuifuma kwa kuuza, wala hawakukosa makapu ya kutilia vitu. Walifuma kwa kupenda tu, wanaume kwa wanawake, wakakaa barazani wakipeleka kulabu na kurudisha mpaka jua lizame. Ukiwauliza kwa nini, wanakutazama kana kwamba umeuliza kwa nini watu wanapumua. Akili zao wanazijua wenyewe.

Na walikuwa na desturi yao. Mwanamume akitaka mke, anaipeleka posa ndani ya mkoba aliofuma kwa mkono wake mwenyewe. Mkoba ukikubaliwa, wazee wanaitana, mazungumzo yanaanza. Ukikataliwa, nyumba ile huikanyagi tena, hata kwa kuomba maji. Ni mara moja tu, basi.

Sasa ndani ya mji ule alikuwamo Machano. Mabega mapana, mdomo mpana zaidi. Machano alimpenda Raya, binti aliyelelewa na shangazi yake, Bi Mashavu. Tena alimpenda kwelikweli. Raya akipita, Machano anasahau alichokuwa akisema, na kwa Machano hayo yalikuwa maradhi.

"Mkoba?" akasema barazani. "Mkoba ni kitu gani? Nitafuma mkoba, Bi Mashavu aniulize kama nimeufuma au nimeshushiwa kutoka mbinguni!"

Basi akaanza kupanga. Alipanga, alipanga, alipanga. Alichukua mkaa akachora mkoba ukutani kwake. Akasema chini utakuwa mwekundu, juu mweupe. Akaufuta, chini mweupe, juu mwekundu. Akaongeza mfuko ndani, na ndani ya mfuko akaongeza kijifuko. Majirani wakawa wanakuja kutazama kama wanaokuja kumpa pole.

"Lini unaanza, Machano?"

"Msiniharakishe. Mpango haujaiva."

Mwezi ukaisha. Ukutani mna mikoba kumi na mmoja. Mkononi hamna hata mmoja. Mpangaji hodari, mashaallah.

Akafuma wa kwanza. Akaanza na vitanzi arubaini, akaenda mbio, akafika mwisho wa safu, akageuza, akarudi. Lakini kila safu kitanzi cha mwisho alikiruka. Kimoja tu! Arubaini, thelathini na tisa, thelathini na nane... Hesabu ilinishinda darasa la tano, lakini hata mimi naona inakokwenda. Ilikwenda mpaka ikatoka sambusa. Kubwa, nyekundu, ya kutosha familia nzima.

"Ndiyo mtindo," akasema Machano.

Tukasema nini?
— Fumua!

Akafumua. Akafuma wa pili. Safari hii alihesabu, akahesabu, akahesabu, mkoba ukatoka mraba. Ila mkono wake ulikuwa mlegevu, na mkanda aliufuma kama mtu anayesinzia. Akatia nazi moja ndani, akautundika begani, akatoka kuutembeza mjini ili aonekane. Mlangoni kwake mkoba ulikuwa kwapani. Penye msikiti ukafika gotini. Kufika kisimani unafagia njia, na kuku watatu wanaufuata nyuma wakidhani wameletewa chakula.

"Machano, mkoba wako umechoka!"

"Ndiyo mtindo!"

Tukasema nini?
— Fumua!

Akafumua. Wa tatu sasa. Wa tatu hakufuma.

Pale kisimani palikuwa na kamba wanayoanikia nguo mji mzima. Siku ile kwenye kamba palitundikwa mkoba. Mwekundu, vitanzi vimelingana kama meno ya mtoto, ndani mna nazi mbili. Wafumaji wa kweli ndivyo wafanyavyo. Kabla ya mzunguko wa mwisho wanautundika mkoba na mzigo ndani, wauone utavutika kiasi gani, ndipo wamalizie. Machano akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akatazama kulia tena. Akaukata uzi, akauchukua. Na nazi akazichukua. Mtu akishaamua, jamani, ameamua.

Akatia posa yake ndani, kanga, udi na halua, akaenda kwa Bi Mashavu kifua mbele.

"Hodi!"

"Karibu."

"Shikamoo, Bi Mashavu."

"Marahaba, mwanangu. Ala! Huu ni mkoba, au macho yangu?"

"Mkono huu huu, Bi Mashavu. Siku tisa. Vidole vilitoka malengelenge."

"Maskini! Hebu niyaone."

"Yamepona."

Bi Mashavu akaugeuza mkoba, akaupapasa, akaugeuza tena. "Mbona uzi unaning'inia hapa mdomoni? Mzunguko wa mwisho haupo."

Mtu mwenye akili angesema nimesahau, akarudi nyumbani. Machano? Thubutu!

"Nimeuacha makusudi, Bi Mashavu. Nimalizie mbele ya macho yako, watu wasije kusema nimefumiwa."

"Umefikiri vizuri, mwanangu. Raya! Lete kulabu na uzi mwekundu."

Raya akatoka nyuma ya pazia. Akauona mkoba. Akautazama kama mtu anayemwona mbuzi wake akipitishwa na mtu mwingine. Akatoa kulabu, akakaa.

Machano akaanza. Sasa nyinyi mnaofuma mnajua, wa mkono wa kulia anakwenda kuelekea kushoto. Akatafuta tundu la kushoto, akalikuta limeshafumwa. Akaugeuza mkoba. Akaupindua. Akaukagua kama daktari. Jasho likamtoka, mwisho akaugeuza ndani nje, akafuma hivyo hivyo, akamaliza, akaurudisha.

Bi Mashavu akapitisha kidole. "Mizunguko yote hii inatutazama. Huu wako umetupa mgongo."

"Ndiyo mtin—"

"Mtindo gani? Mkoba huu umefumwa kwa mkono wa kushoto. Na wewe hata kujikuna unajikuna kwa wa kulia."

Na mji mzima, aliyefuma kwa mkono wa kushoto alikuwa mmoja. Tangu mdogo walimcheka barazani, akachukua kulabu yake akahamia uani, akawa anafuma peke yake. Mkoba ulikuwa wa Raya. Machano alikuja kumposa Raya kwa mkoba wa Raya.

Bi Mashavu akavuta pumzi alitoe lile neno la kukataa, lile lisilorudiwa.

"Shangazi," Raya akasema, "usilitamke kwanza."

"Nisilitamke? Mtu anakuposa kwa mkoba wako, na nazi zako?"

Raya akamgeukia Machano. "Nazi zangu zilikuwa tamu?"

"Sijazila," akasema Machano, kwa sauti ambayo mji ule haujapata kuisikia. "Zimo humo chini, chini ya kanga."

"Kwa nini hukufuma wako?"

"Nilifuma miwili. Mmoja ukawa sambusa. Wa pili ukafagia njia. Wa tatu nikauogopa. Mlango wenu unafunguka mara moja tu."

Ndilo neno la kwanza la kweli alilopata kulisema. Raya akainama, mabega yakawa yanamtikisika. Bi Mashavu akadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Huo mzunguko wako," Raya akasema, "unajua la kuufanya."

Alifanya nini?
— Alifumua!

"Sasa kaa hapo, uanze wako. Shangazi atatamka, ndiyo au hapana, ukimaliza."

"Na nisipomaliza?"

"Utazeeka hapa uani."

Basi kila alasiri Machano akaja uani kwa Bi Mashavu. Na sikilizeni jambo moja. Wa kushoto akimfundisha wa kulia, hawawezi kukaa ubavu kwa ubavu, mikono inagombana. Lazima wakae uso kwa uso, huyu amfuate yule kama kwenye kioo. Wakakaa hivyo miezi minne. Vitanzi vikaruka, wakafumua. Mkanda ukalegea, wakafumua. Mara nyingine vitanzi vilikuwa sawa kabisa, na wakafumua.

Mkoba ukaisha. Mdomo umepinda, mkanda mmoja mrefu kuliko wa pili. Bi Mashavu akautundika begani, akatembea nao mpaka jikoni, akarudi.

"Mbaya," akasema. "Lakini ni wake. Waite wazee wako."

Uzi umefika ncha!
— Tumeiona!
Nimeukata!
— Umekatika!
Mwenye kulabu aanze kisa chake!

Mnakwenda wapi? Kaeni. Kuna kipande nimekiruka.

Ule mkoba kisimani, Machano hakuuona mwenyewe. Mimi ndiye niliyemwambia upo. Tena nilimwambia, "Hauna mwenyewe ule, chukua." Nilijua vizuri ni wa nani, maana nilimwona Raya akiufuma uani siku nilipopeleka posa. Posa yangu, ndiyo! Mnanitolea macho ya nini? Mimi nilitangulia, na mimi neno nilitamkiwa siku ile ile. Nikasema, nikikosa mimi basi na mwenzangu afukuzwe. Badala ya kufukuzwa, nikawa nimempelekea Raya mwanamume wa kutazamana naye miezi minne. Leo wana watoto watatu, wananiita baba mdogo.

Na mkoba wangu, nawaambia, ulikuwa mzuri mara mia kuliko ule wake uliopinda. Mdomo umenyooka, mikanda sawasawa, vitanzi huoni kosa hata moja.

Aliufuma mama.